Mayai ya Kobe wa Uani

Kobe jike wa madoadoa, yule ambaye watu wa bara wakitajiwa kobe ndiye anayewajia akilini, hatagi kwa pupa. Huzunguka ua mzima, huinusa ardhi, huacha, hurudi. Akisharidhika huanza kuchimba kwa miguu ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, bila kugeuka hata mara moja kulitazama shimo analolichimba. Udongo ukiwa mgumu huumwagia maji ya kibofu chake ulainike, na kazi hiyo huweza kumchukua saa kadhaa. Mayai hutoka moja moja, meupe na magumu, ya duara kama mpira wa mezani. Huyasogeza kwa mguu yakae sawa, huyafukia, kisha hujiinua na kujibwaga juu ya udongo mpaka gamba lake la chini liushindilie, na huondoka asirudi tena kuangalia. Mwenye nyumba aliyeliona tukio hilo kutoka dirishani huwa na furaha ya haki kabisa, na swali linalomjia haraka ni namna ya kuyafanya mayai yale yaanguliwe. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba swali hilo katika nyumba nyingi limeulizwa mapema mno, kwamba kuna maswali mengine yaliyostahili kulitangulia, na kwamba yakishajibiwa kwa ukweli, jibu la swali la mayai mara nyingi litakuwa kuyafukua siku ileile na kutoyaacha yakue.

La kwanza ni huyu kobe mwenyewe ni wa jamii gani. Wafugaji wengi hawajui, wala si kwa uvivu, maana kobe huingia nyumbani kwa njia zisizoacha maandishi. Mmoja aliokotwa barabarani baada ya mvua, mwingine aliachwa na mpangaji aliyehama, mwingine ni zawadi ya harusi. Baada ya miaka 20 hakuna anayekumbuka alikotoka, na kwa kuwa ameshakuwa kama mtu wa nyumbani, hakuna anayejali. Lakini gamba linasomeka kwa anayejua pa kutazama. Kobe wa madoadoa hana kile kipande chembamba cha gamba kinachokaa katikati nyuma ya shingo. Mahali pake pana pengo. Kobe mkubwa wa Aldabra kwa kawaida anacho, na rangi yake ni ya majivu meusi bila madoa. Kobe bawaba ana kiungo sehemu ya nyuma ya gamba la juu, kinachomwezesha kulishusha na kuifunga miguu yake ya nyuma ndani. Kobe bapa wa majabalini ni mwembamba, na gamba lake hubonyea likishikwa. Ugumu unaanzia kwa watoto. Mtoto wa kobe wa madoadoa na mtoto wa kobe mkubwa wa Sahel wote hawana kile kipande cha shingoni, wote wana rangi ya manjano iliyopauka, na wote wanaenea kiganjani. Mmoja akikua atatosha kwenye ua wa kawaida. Mwingine anaweza kuvuka kilo 80, na huchimba mashimo marefu yanayoweza kupita chini ya ukuta. Nao umri, watu hupenda kuuhesabu kwa duara za kwenye gamba, mwaka mmoja duara moja. Hesabu hiyo haina mashiko, kwa sababu duara hufuata misimu ya kula na kufunga. Mahali penye mvua za vuli na za masika kobe huweza kuongeza duara mbili kwa mwaka, na kobe mzee huwa amezisugua zote zikafutika.

Anayedhani haya ni mambo ya kuwashughulisha wataalamu peke yao autazame mkasa wa kobe bawaba. Kwa muda mrefu wale wa pwani na wale wa bara walitajwa vitabuni kama wamoja, Kinixys belliana, ingawa baadhi ya wataalamu walikuwa na mashaka. Mwaka 2012 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba chini ya jina hilo mlikuwa na jamii kadhaa, na kwamba kobe bawaba wa pwani ya Kenya na Tanzania ni jamii yake peke yake. Mfugaji aliyekuwa na dume kutoka pwani na jike kutoka bara, akiamini ana jozi, alikuwa akiunganisha nasaba mbili zilizoachana zamani sana. Visiwani Galápagos kosa la namna hiyo lilitendeka chini ya macho ya wataalamu. Yule dume wa mwisho wa kisiwa cha Pinta, aliyejulikana dunia nzima kwa jina la Lonesome George, alionekana mwaka 1971, na kwa miaka mingi aliwekwa pamoja na majike kutoka mlima wa volkano wa Wolf, kwa kuwa ndio waliodhaniwa kuwa jamaa zake. Mwaka 2008 walitaga, na mayai hayakuwa na kitu. Vinasaba vilikuwa vimeshaonyesha tangu mwaka 1999 kwamba ndugu zake wa karibu zaidi walikuwa wa kisiwa cha Española, lakini majike wa huko waliletwa kwake mwaka 2011, na Juni 2012 akafa. Ikiwa kituo chenye maabara, wafadhili na walinzi kilipoteza miaka mingi kwa kutomjua ndugu wa kobe mmoja, sioni aibu yoyote kwa familia kukiri kwamba haimjui kobe wake. Aibu ni kumzalisha hivyo hivyo.

Jinsia nayo hudanganya kuliko watu wanavyofikiri. Dume akikomaa huwa na mkia mrefu, mnene mwanzoni, na gamba lake la chini lina kibonde kinachomsaidia kumpanda jike asiteleze. Jike ana mkia mfupi na tumbo bapa. Alama hizo hazionekani kwa kobe mdogo, na hata kwa mkubwa zimewahi kupuuzwa kwa miongo. Katika kasri la Powderham huko Uingereza aliishi kobe aliyeitwa Timothy, aliyekuwa ndani ya manowari wakati Sevastopol iliposhambuliwa mwaka 1854. Ilipofika mwaka 1926 wakataka kumzalisha, ikagundulika kwamba Timothy ni jike. Kisiwani St Helena, Jonathan, kobe wa Shelisheli anayekadiriwa kuanguliwa karibu mwaka 1832, aliletewa mwenza mwaka 1991 aliyepewa jina la Frederica. Mwaka 2017 iliripotiwa kwamba Frederica huenda ni dume. Tunaweza kucheka, na nadhani tuna haki, lakini ndani ya kicheko hicho kuna onyo kwa mwenye kobe wawili wa kike uani anayejiona yuko salama. Na hata akiwa amepatia jinsia, jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miaka kadhaa na kutaga mayai yenye uhai muda mrefu baada ya dume kuondolewa. Kuna jambo jingine tena. Jinsia ya mtoto wa kobe haiamuliwi na vinasaba kama ya mtoto wa binadamu. Huamuliwa na joto la udongo au la mashine ya kutotolea. Kwa kobe wa Mediterania waliochunguzwa sana, mpaka uko karibu na nyuzi 31: chini kidogo hutoka madume, juu kidogo hutoka majike. Mfugaji anayeweka mayai kwenye sanduku lenye taa bila kipimajoto cha kuaminika anaweza kutotoa kundi zima la jinsia moja, na hatalijua hilo mpaka miaka kadhaa ipite na watoto wote wawe wameshagawiwa.

Kugawa ndiko kunakonifikisha kwenye kiini. Waswahili husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kwa kobe msemo huo una hesabu kali. Jike wa madoadoa aliyeshiba hutaga mafungu kadhaa kwa msimu, na fungu moja huweza kufika mayai 20 au zaidi. Porini hesabu hiyo ni ya lazima, kwa kuwa nguchiro, kenge, kunguru na ukame huchukua karibu wote. Uani hakuna nguchiro. Ukuta upo, mtoto wa nyumba yupo anayelinda, na watoto wa kobe wanaopona ni wengi. Kila mmoja anaweza kuishi miaka 50 au zaidi, yaani atahitaji mlezi baada ya mwenye nyumba kustaafu, na pengine mwingine baada ya mwenye nyumba kuzikwa. Miaka ya kwanza majirani humpokea kobe mdogo kwa shangwe. Akishakula maua ya watu na kusukuma vyungu, shangwe hupungua. Jimbo la Nevada huko Marekani limelipitia jambo hili mpaka mwisho wake. Kobe wa jangwa la Mojave aliwekwa mwaka 1990 katika orodha ya viumbe wanaolindwa kwa kuwa idadi yake porini ilikuwa ikiporomoka, na wakati huohuo nyuma ya nyumba za Las Vegas kobe haohao walikuwa wakizaana kuliko watu walivyoweza kuwatunza. Kituo cha kuwahifadhi kilikuwa kikipokea mamia kwa mamia ya kobe waliorudishwa na wenyewe, wengi wao wagonjwa, mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Tangu mwaka 2013 kanuni za jimbo hilo zinamruhusu mfugaji mpya kobe mmoja tu, na sababu iliyotolewa ni kuzuia uzalishaji wa uani. Jamii moja ya kobe ilikuwa inaadimika jangwani na kufurika mjini, na wingi wa mjini haukusaidia chochote jangwani.

Hapo pana pingamizi la haki. Mbona kobe wa Española waliokolewa kwa kuzalishwa? Waliokolewa kweli. Walikuwa wamebaki 14, madume wawili na majike 12. Mwaka 1977 akaongezwa dume wa tatu, Diego, aliyerudishwa kutoka bustani ya wanyama ya San Diego, na kufikia mwaka 2020, wazazi hao waliporudishwa kisiwani kwao, watoto karibu 2,000 walikuwa wametangulia. Nalikubali pingamizi hili kwa moyo mmoja, na naomba lisomwe mpaka mwisho. Asili ya kila mzazi ilijulikana. Mbuzi waliokuwa wameimaliza mimea ya kisiwa waliondolewa, ili watoto wapate pa kwenda. Kila mtoto aliwekewa alama na kufuatiliwa. Watoto hao walizalishwa kwa ajili ya mahali fulani panapojulikana. Kobe wa uani hana mahali hapo. Mwenye nyumba akishindwa kuwatunza hujaribiwa kuwapeleka porini, akidhani anawarudishia uhuru, kumbe anaweza kupeleka ugonjwa. Katika Mojave kuna ugonjwa wa njia ya hewa unaowatoa kobe kamasi na kuwadhoofisha polepole, na miongoni mwa njia zinazoshukiwa kuueneza ni kobe wa majumbani walioachiwa jangwani. Kobe aliyekaa miaka na kuku, mbwa na kobe wa asili nyingine amebeba vijidudu asivyovibeba yule wa porini, hata kama kwa macho anaonekana mzima.

Pingamizi la pili lina sura ya biashara: tukizalisha kwa wingi, bei itashuka na majangili wataacha. Kwa mnyama anayekua haraka huenda ikawa hivyo. Kobe bapa anatuonyesha kwa nini kwa kobe haijawa. Anaishi katika nyufa za majabali ya Kenya na Tanzania, na kidogo kaskazini mwa Zambia. Jike hutaga mara nyingi yai moja tu kwa wakati, na mtoto huchukua miaka mingi kukomaa. Kumlisha mpaka afikie umri wa kuuzwa kunagharimu kuliko kumlipa kijana wa kijijini aende jabalini na mtaimbo. Na mtaimbo huo haumwondoi kobe peke yake. Ufa uliobomolewa haujijengi tena, na kobe bapa mwingine hatapata pa kujificha hapo. Mwaka 2019 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, zilimhamishia katika Kiambatisho cha I, ambacho hakiruhusu biashara ya kimataifa ya wanyama waliotoka porini. Mlango uliobaki ni wa wale waliozaliwa kizuizini, na ndiyo maana neno la kwamba kobe huyu amezaliwa nyumbani limekuwa na thamani ya fedha. Kanuni za mkataba zinataka zaidi ya yai kuanguliwa ndani ya ukuta: wazazi wawe wamepatikana kihalali, na mfugaji awe amefikia kizazi cha pili au afuate njia iliyothibitika kuweza kukifikia. Ua usio na kumbukumbu hauwezi kuthibitisha lolote kati ya hayo, na kwa sababu hiyohiyo ni mahali pazuri pa mtu mwingine kuficha kobe aliowachukua porini, akiwaita watoto wa nyumbani. Mwenye nyumba mwema anaweza kuwa pazia la jangili bila kujua.

Pingamizi la tatu ndilo zito kwangu, kwa sababu linatoka kwa watu wenye huruma: ni ukatili kuyaharibu mayai, kiumbe aachwe azae kama alivyoumbwa. Jibu langu la kwanza ni kwamba ukuta umeshaiondoa ile hali aliyoumbiwa. Hatuwezi kumzuia nguchiro halafu tukasema tumeacha maumbile yafanye kazi. La pili ni la kibiolojia. Kiinitete cha kobe husimama kukua kikiwa bado tumboni mwa mama, mahali pasipo na hewa ya kutosha, na huendelea tena baada ya yai kutagwa. Yai lililofukuliwa siku ileile na kuwekwa kwenye baridi kali lina uhai wa chembe ambazo hazijawa na moyo wala neva. Yai lililosubiriwa wiki tatu ni jambo jingine, na hapo ningesita kama mtu yeyote. Ndiyo maana uamuzi unapaswa kuwa umefanywa kabla ya jike kuanza kuzunguka ua. Mwenye nafasi anaweza kuutanguliza zaidi kwa kumtenga dume. Hilo lina faida yake hata bila suala la mayai, kwa kuwa dume katika ua mdogo humsumbua jike kutwa, humgonga kwa gamba na kumng'ata miguu, na jike hana kichaka cha kukimbilia.

Wapo wanaopaswa kuzalisha, na sitaki kuwafungia mlango. Ni yule mwenye kibali, anayejua jamii ya kobe wake na alikowatoa, aliyekwisha kupata walezi kabla ya mayai, na aliye tayari kubakiwa na wote iwapo walezi watageuka. Huyo atajifunza kwamba yai halipinduliwi, kwa sababu baada ya siku ya kwanza kiinitete hujishika sehemu ya juu ya ganda na kulipindua ni kukiua. Ataweka alama ya penseli juu kabla ya kuliinua kutoka shimoni. Atavumilia, maana mayai ya kobe wa madoadoa yaliyoachwa ardhini huweza kukaa hadi mwaka na zaidi, na watoto walioanguliwa hungoja mvua iulainishe udongo ndipo watoke. Atawapa majani na nyasi, kalisi na jua, wala hatawalisha makombo ya ugali na wali. Atawawekea pembe yenye unyevu, kwa kuwa utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu kobe wa Sahel ulionyesha kwamba ukavu katika miezi ya mwanzo ndio unaolifanya gamba lipande vilima vilima, kuliko hata wingi wa protini ambao wafugaji walikuwa wakiulaumu. Gamba lenye vilima halinyooki tena maisha yake yote. Ukiona kobe wa uani aliye hivyo, mara nyingi umeona utoto wake.

Sheria zipo. Ya Kenya ya mwaka 2013 na ya Tanzania ya mwaka 2009 zote zinadai kibali kwa anayemiliki mnyamapori, na kobe ni mnyamapori hata akiitika jina alilopewa na watoto. Kasoro iko katika umbali kati ya sheria na ua. Familia iliyorithi kobe kutoka kwa babu haitampeleka kwa ofisa wa wanyamapori ikihofia faini, na kwa hiyo humficha, na mayai yake huanguliwa kwa siri, na watoto huzunguka mtaani bila rekodi. Kisiwa cha Changuu hapo Unguja kinaonyesha rekodi na ulinzi vikilegea hutokea nini. Kwa hesabu zinazotajwa kisiwani, kobe wanne wa Aldabra walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919 walikuwa wamefika 200 mwaka 1955, kisha wakaibwa mpaka wakabaki saba mwaka 1996, na katika watoto 80 walioletwa kuziba pengo, nusu yao wakatoweka. Hali ilitulia palipojengwa uzio wa maana na wanyama wakaanza kuhesabiwa. Kuzaana hakukuwa tatizo lao hata siku moja.

Kwa hiyo naona busara iko katika kuwapa watu tarehe. Nevada ilifanya hivyo: kobe aliyekuwa mikononi mwa mtu kabla ya Agosti 1989 aliruhusiwa kubaki kwake, naye mwenyewe hakushtakiwa. Hapa kwetu mamlaka zinaweza kutangaza muda wa kuandikisha bila adhabu na kupokea picha ya gamba la chini, ambalo mistari na mabaka yake hutofautiana kati ya kobe na kobe. Ujerumani hukubali picha badala ya chipu ya utambulisho kwa kobe wadogo, na simu iliyo mfukoni mwa kila mtu inatosha kwa kazi hiyo. Baada ya tarehe hiyo, kibali cha kufuga kiwe mbali na kibali cha kuangua. Kuna watakaosema kwamba watu wataandikisha kobe waliowakamata juzi, na ni kweli baadhi watafanya hivyo. Lakini kobe aliyepigwa picha hawezi kuuzwa mara mbili kwa jina lilelile, na ua uliosajiliwa kwa kobe mmoja wa kike hauwezi mwaka unaofuata kudai watoto 60. Atakayekuta vitoto vimechomoza chini ya mpera bila yeye kujua, maana mayai mengine hutagwa usiku wa kuamkia safari, apewe siku za kutoa taarifa na asitozwe kitu, ila vitoto hivyo viingizwe kwenye daftari siku hiyohiyo, kila kimoja na picha yake.